Wakili Asiyesoma Sheria

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwa pini moja tu, likawa linaning'inia upande, na pengine ndiyo maana wanafunzi wengi wa falsafa walilipita bila kulisoma. Ubao wa idara ulikuwa umejaa kama kawaida yake: mashindano ya insha yenye zawadi ya vitabu, kongamano la wanafunzi katika chuo cha mbali ambako nauli ni juu yako mwenyewe, kambi ya wiki mbili ya kusoma mantiki, mihadhara ya kila Ijumaa. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alisimama mbele ya ubao huo, akalinyoosha lile tangazo kwa kidole, akalisoma mara mbili.

Hospitali kuu ilikuwa inatafuta mwanafunzi mmoja wa falsafa wa kuketi kwenye kamati yake ya maadili kwa mwaka mzima, na posho ya kila mwezi juu yake. Hakuna insha, hakuna mtihani. Kila anayeitaka nafasi aandae baraza la maswali la saa mbili, mahali ambapo watu wa kawaida wanafanya kazi zao na yeye mwenyewe anafahamika. Swali lisitoke kwa mwanafunzi, litoke kwa watu. Waamuzi watakuja, watakaa, watasikiliza.

Nyumbani binti huyu aliitwa Mbona. Jina la cheti alikuwa nalo, lakini lilibaki kwenye cheti. Tangu alipojua kuongea, neno lake lilikuwa hilo moja: mbona jua halianguki, mbona babu ana meno ya kuvaa, mbona mgeni anaambiwa karibu tena huku mama amenuna. Majirani wa karakana ya baba yake walikuwa na jina jingine. Kila akipita walimwita "wakili", naye aliitikia akicheka, akidhani wanamtania kwa mdomo wake mrefu.

Alijaza fomu papo hapo amesimama. Penye nafasi ya kuandika mahali, aliandika: karakana ya makochi ya baba yangu. Kisha akampelekea mhadhiri wake, mwanamama mfupi mwenye mkoba mkubwa uliomlemea bega.

"Watu watakuja?" mhadhiri aliuliza.

"Watu wako pale kila siku, Mwalimu. Shida itakuwa kuwaondoa."

"Na mzee ameridhia?"

"Baba? Atafurahi mpaka ashindwe kufanya kazi."

~

Kweli alishindwa kufanya kazi, ila si kwa furaha.

Fundi makochi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, amelivua nguo zote limebaki mbao na mikanda ya raba. Kama mafundi wengi wa kazi yake, aliweka misumari midogo mdomoni, akiichomoa mmoja mmoja na kuigongea. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na mlango, akishona foronya za mito. Mbona alimaliza kueleza habari ya baraza, hospitali na posho. Nyundo ilisimama. Baba yake alimtazama, midomo imefumba juu ya misumari, macho yamemtoka.

"Baba, husemi kitu?"

Fundi alionyesha mdomo wake kwa kidole, kwamba umejaa.

"Itoe hiyo misumari, baba Mbona," mke alisema bila kuinua macho. "Leo haikusaidii."

Akaitoa. Akaifuta kwenye suruali. "Hapa ni padogo sana," alisema. "Na vumbi. Watu wa hospitali na vumbi wapi na wapi?"

"Nitafagia."

"Nenda kwa yule fundi saa, ana viti vizuri."

"Baba, wewe ni fundi makochi. Unamsifia fundi saa viti?"

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Alikuwa mwanamke asiyependa kuona jambo likizungushwa. "Mwambie mtoto," alisema. "Usipomwambia, namwambia mimi."

Fundi akainamia nyundo yake. Mama akasema: "Mwanangu, hapa mtaani wewe unasoma sheria."

"Nasoma nini?"

"Sheria. Mwaka wa tatu huu. Baba yako alisema hivyo siku ile barua ya chuo ilipokuja."

"Mbona..." Mbona alianza, na kwa mara ya kwanza maishani neno lenyewe likamkwama.

"Nilisema falsafa kwanza," Fundi alijitetea haraka. "Haki ya Mungu nilisema falsafa. Yule mwenye duka la rangi akaniuliza, ndio nini hiyo? Nikasema, ni kama... kufikiri. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, fundi, unauza makochi mtoto akajifunze kufikiri, kwani alikuwa hafikirii? Watu wote wakacheka. Kesho yake seremala akaniuliza, eti binti anasoma nini? Ulimi ukateleza. Nikasema sheria. Seremala akanipa mkono. Alinipa mkono, mwanangu! Akaita watu."

"Kwa hiyo 'wakili' si utani."

"Si utani," alisema mama. "Na kuna zaidi. Seremala amekuwa akileta maswali yake ya sheria, na baba yako amekuwa akimletea majibu yako."

"Majibu yangu? Yapi?"

"Madogo madogo tu," Fundi alisema, na mkono wake ukaanza kuitafuta misumari.

Mbona alikaa juu ya furushi la sponji, likabonyea. Alitaka kukasirika na alikuwa na kila sababu. Lakini alimwona baba yake akiwa bado amepiga magoti, nywele zimejaa manyoya ya pamba kuukuu, na hasira ikakosa pa kushika. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Miaka mitatu amekuwa akirudi nyumbani na vitabu vyake, akidhani mzee haulizi kwa sababu ya uchovu.

"Fomu nimeshaipeleka, baba. Haibadilishwi. Na watakuja na bango limeandikwa Idara ya Falsafa, herufi kubwa."

"Bango?"

"La mita tatu."

"Nifanye nini sasa?"

"Siwezi kukusemea," Mbona alisema. "Lakini una siku kumi. Mwambie seremala mwenyewe, kabla bango halijamwambia."

~

Siku kumi si chache kwa mtu mwenye neno moja la kusema. Siku ya pili Fundi alivuka kwenda kwa seremala, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, akamkuta anapiga randa. Alikohoa, akasema, "Jirani, kuna jambo." Seremala akaacha kila kitu akamkalisha kwenye kigoda, akamsikiliza kwa heshima yote. Fundi akajikuta anaomba kuazima msumeno. Siku ya nne alirudisha msumeno, akiwa amejiapiza, na akaazima gundi. Siku ya saba alikuwa na vifaa vingi vya seremala kiasi kwamba seremala mwenyewe alianza kuja kufanyia kazi kwa Fundi.

"Umemwambia?" mke aliuliza kila wakila chakula cha mchana.

"Nilikuwa karibu kabisa."

Aliyekuja kila siku bila kukosa ni mwalimu mstaafu, mwenye lile kochi la watu watatu lililokuwa limepitisha ahadi kwa wiki tano. Alikuwa na tabia ya kulitazama kochi lake kama mtu anayetazama mgonjwa wodini. Aliposikia habari za baraza, aliuliza jambo moja tu.

"Watakaa wapi?"

"Kwenye makochi, Mwalimu," Fundi alijibu.

"Makochi ya nani?"

Fundi akarudisha misumari mdomoni. Mwalimu mstaafu akatangaza kwamba siku hiyo atafika saa moja kabla ya wengine, na atakayekaa kwenye kochi lake ni yeye.

~

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua zuri. Mama alikuwa amefagia mara mbili na kunyunyiza maji. Makochi yalipangwa duara: mawili yaliyokwisha, moja lililovikwa upande mmoja, na la mwalimu mstaafu, limemalizika usiku wa kuamkia hapo kwa woga tu, mwenyewe ameshaketi katikati yake na mikono ameitandaza pande zote. Waliobaki walikalia mafurushi ya sponji. Walikuja wauza mboga, fundi baiskeli, mama wa mgahawa wa jirani, na mwenye duka la rangi ambaye alisema amepita tu lakini alikuwa amevaa shati la sikukuu.

Bango, ambalo idara ilitanguliza kulituma asubuhi hiyo, Fundi alisisitiza kulipigilia mwenyewe. Alilipigilia kwa ustadi wa miaka yake ishirini na mbili ya ufundi, akilikunja pembeni kwa namna ambayo lilisomeka IDARA YA, kisha likaingia nyuma ya rundo la mbao.

Mhadhiri alipowasili na daktari wa kamati ya maadili, alisimama akalitazama. "Idara ya?" aliuliza.

"Upepo, mama," Fundi alisema.

Hapakuwa na upepo. Mhadhiri aliweka mkoba wake chini, akapanda juu ya kigoda, akalivuta bango lote likasomeka. Fundi alimtazama seremala. Seremala alikuwa anamkaribisha daktari, hakuangalia juu. Daktari, mtu mrefu mwenye miwani, alishukuru, akaketi kwenye lile kochi lililovikwa upande mmoja, upande usiovikwa, na mikanda ikamwachia. Alizama mpaka magoti yakawa usawa wa masikio. Watu wakarukia kumvuta.

"Niacheni," alisema kwa adabu, daftari lake juu ya tumbo. "Ni pazuri."

Kicheko hicho ndicho kilichofungua baraza. Mbona alisimama katikati ya duara, amevaa gauni la kawaida. Alisema hana hotuba. Alisema amekuja kuuliza, na swali la kwanza anataka litoke kwao: jambo linalowakera mioyoni, ambalo hawajui lipi ni sawa na lipi si sawa.

Mama wa mgahawa akauliza kama ni sawa kumpa chai ya jana mteja anayelalamika kila siku. Watu wakacheka, wakabishana, wakakubaliana kwamba si sawa ila inaeleweka. Fundi alianza kupumua. Kisha seremala akainua mkono.

"Mimi ninalo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Mtu na dada yake. Baba yao amekufa, kaacha nyumba. Dada anamletea kaka karatasi, anasema, kaka, saini hapa. Kaka anakataa ili ajilinde. Je, kaka amekosea? Maana kaka huyo tangu siku hiyo chakula hakimpiti vizuri."

Kila mtu alijua kaka ni nani. Hakuna aliyesema.

"Karatasi iliandikwa nini?" Mbona aliuliza.

"Hakuisoma."

"Mbona hakuisoma?"

Watu wakatabasamu kwa jina lake, lakini seremala hakutabasamu. Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Angeisoma ya nini, binti yangu? Si wewe wakili ndiye uliyesema nisisaini chochote?"

Kwa Mbona jibu lilikuwa jepesi: mimi sikusema. Maneno mawili, na baba yake angeanguka mbele ya mtaa mzima. Lingine lilikuwa jepesi pia: ndiyo, nilisema. Na hilo lingemfanya yeye kuwa mwongo mbele ya watu waliokuja kumpima, na mbele ya jirani huyu aliyemzoea kumwita mjomba, ambaye alimchongea kigoda chake cha kwanza. Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama. Mhadhiri alikuwa ameinamisha kichwa. Mbona alikaa kimya, na kimya kile kilidumu kiasi cha watu kuanza kutazamana.

Nyuma kabisa, Fundi alikuwa ameegemea sponji, midomo imefumba. Mkewe alimtazama. Hakumpa ishara yoyote, alimtazama tu. Fundi akanyanyuka. Akaweka kiganja chini ya mdomo na kutema misumari, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, na watu wote wakaisubiri yote itoke.

"Aliyesema ni mimi," alisema.

"Ulisema kwa niaba yake," seremala alimsaidia.

"Hapana, jirani. Nilisema mwenyewe. Huyu sikumuuliza. Wala hasomi sheria. Hajasoma sheria hata siku moja." Alinyoosha mkono kuelekea bango. "Anasoma hiyo. Falsafa. Niliona haya, nikadanganya, kisha uongo ukataka chakula kila siku, nikawa naulisha. Uliponiuliza habari ya karatasi sikujua la kusema. Nikafikiri, usisaini ni jibu salama, halimdhuru mtu."

Seremala alisimama polepole. "Miezi minane," alisema. "Miezi minane sijaongea na dada yangu. Nilimwambia wakili wangu amekataa. Akaondoka analia. Kumbe ni ushauri wa fundi makochi!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mwenye duka la rangi alitazama viatu vyake. Fundi alibaki amesimama na misumari yake kiganjani, mzito kama mtoto aliyeshikwa, na seremala akageuka kuelekea mlango.

"Mjomba," Mbona aliita. "Una haki ya kuondoka. Lakini swali lako bado halijajibiwa."

"Limejibiwa! Nimekosea kwa kumsikiliza mwongo."

"Naomba nikuulize moja tu, kisha nenda. Baba angekuambia saini, ungesaini?"

"Ningesaini."

"Bila kuisoma?"

Seremala alishika mwimo wa mlango. Alitaka kujibu haraka, watu waliona, lakini alikuwa mtu wa kupima ubao kabla ya kukata. "Hapana," alisema hatimaye. "Nadhani nisingesaini. Ningemwambia kamuulize tena."

"Mbona?"

Safari hii hakuna aliyetabasamu.

"Kwa sababu nilikuwa sitaki," alisema. "Nilitaka mtu aniambie nisisaini. Baba alipougua, dada ndiye aliyemuuguza. Miaka miwili. Mimi nilikuwa na kazi nyingi, au nilisema nina kazi nyingi. Nilikwenda mara tatu. Sasa kukaa naye meza moja, tugawane nyumba, anitazame..." Hakumaliza. "Nikasema wakili amekataa. Ilikuwa rahisi."

Mbona alisogea akasimama karibu naye, si karibu sana. "Basi baba alikudanganya, na hilo ni kosa lake, atalibeba. Lakini karatasi bado ipo. Na dada bado yupo."

Seremala akauachia mwimo. Kisha akatoka.

Walimsikia akiingia kwake. Ukuta ulikuwa wa mbao tu, na za upande huo alizipigilia yeye mwenyewe, akaacha nafasi kati yake. Kigoda kikalia. Halafu sauti yake kwenye simu, tofauti kabisa, sauti ya mdogo mtu.

"Dada... Ni mimi... Hapana, hapana, hakuna msiba... Dada, nisikilize."

Watu ishirini na tatu waliacha kupumua. Mama wa mgahawa alijifanya anatazama dari. Daktari, kutoka shimoni mwake, alinyoosha shingo.

"Ile karatasi... Ilikuwa inasema nini? ... Hapana, sikuisoma." Kigoda kikalia tena. "La nani? ... Langu? ... Dada, la kwangu mimi?"

Kisha hawakusikia maneno, ila pua ikipengwa. Na baadaye kidogo, cheko moja fupi lililokatika katikati.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na maranda yamemganda mashavuni. "Nyumba bado iko kwa jina la marehemu," aliwaambia, kama anawasomea kitu asichokiamini. "Karatasi ilikuwa ya kuweka majina yetu mawili. La kwake na la kwangu. Anasema peke yake hakutaka. Amekuwa akingoja." Akamtazama Fundi. "Wewe sijakusamehe."

"Sijaomba bado," Fundi alisema. "Nilikuwa nangoja umalize simu."

Hapo kicheko kikapasuka, cha watu waliokuwa wameshika pumzi muda mrefu. Mama wa mgahawa alivuta kitambaa cha karibu kujifuta macho, na mwalimu mstaafu akampiga kofi la mkono. "Hicho ni cha kochi langu, mama! Lia kwenye nguo yako."

Baraza lilipitiliza saa mbili. Walibishana kuhusu uongo wa woga na uongo wa hila, na kama anayependa kudanganywa ana sehemu yake katika uongo. Mwenye duka la rangi, bila kutazamwa na yeyote, alisema kwamba pengine hata anayecheka ana sehemu yake. Hakuna aliyemwongezea, na yeye alionekana kushukuru.

~

Wiki ile seremala hakuvuka ukuta. Aliwasiliana kwa kugonga mbao: kugonga mara moja, rudisha msumeno, mara mbili, rudisha gundi. Fundi alirudisha kimoja kimoja, akisimama mlangoni mwa jirani yake kama mteja, akisema samahani kila safari. Safari ya tano seremala alimwambia inatosha, anamchosha. Safari ya sita alimkuta na mwanamke wa makamo aliyefanana naye pua na paji la uso.

"Dada, huyu ndiye wakili wangu," seremala alisema.

Fundi alitamani ardhi immeze. Dada alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza kama anaweza kuvika upya viti vinne vya marehemu baba yao, vimechakaa, na kama anajua rangi. Fundi alisema anajua. Aliposhika mlango, seremala akasema, "Na kwa hilo, jirani, ushauri wako tutaufuata."

Barua ya hospitali ilikuja Alhamisi. Mbona aliisoma akiwa amesimama kati ya cherehani na mlango, mama yake akimsoma usoni. Walikuwa wanafunzi wanne walioandaa mabaraza, na nafasi walimpa yeye. Daktari alikuwa ameongeza mistari kwa mkono wake: hospitalini kila siku tunawapa watu karatasi wasaini kabla ya upasuaji, nao wanasaini, na mimi kwa miaka kumi na tano sijawahi kumuuliza hata mmoja kwa nini hakuisoma. Nataka uanze na hapo. Chini kabisa aliandika kwamba mgongo unaendelea vizuri.

Mama alipiga kigelegele kimoja kikali, akarudi kwenye cherehani kuficha uso. Wauza mboga wakachungulia. Mwenye duka la rangi alivuka barabara, akampa Mbona mkono, akasema hongera, kisha akabaki amesimama.

"Sasa," alisema kwa uangalifu, "hiyo kamati ya maadili, ni ya kufanya nini hasa?"

"Kufikiri," Fundi alimjibu, na akamtazama mpaka yule bwana akaaga.

Walipobaki watatu, Fundi alirudi kwenye kazi yake. Aligonga msumari mmoja. Aligonga wa pili, ukapinda, na misumari yake huwa haipindi. Akaweka nyundo chini, akajipangusa mikono, akaketi kwenye ukingo wa kochi la mtu. Alionekana kama mgeni aliyefika nyumba asiyoijua, hajui avue viatu au aingie navyo.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Hivi huko chuoni..." Alijikuna kidevu. "Huko darasani. Mwalimu akishaingia, mkishakaa. Huwa mnasoma nini?"

Miaka mitatu Mbona alikuwa ameliandalia jibu swali hilo. Alikuwa amelifanyia mazoezi njiani, akiwa na vitabu mkononi, akalipamba, akalifupisha, akachoka nalo, akaliacha. Sasa lilipokuja hakukumbuka hata neno moja. Alivuta furushi la sponji akakaa mbele ya baba yake.

"Ni refu, baba. Sijui hata nianzie wapi."

"Anzia mwanzo," Fundi alisema, akiegemea vizuri. "Leo sina kazi."

Nyuma yake makochi matatu yalikuwa yamelala miguu juu, mawili kati yake yalikuwa ya kuchukuliwa kabla ya jioni. Mkewe aliyatazama, akamtazama mumewe, akafungua mdomo. Kisha akavuta foronya nyingine, akaingiza uzi kwenye sindano, akatega sikio.